Mpingo: Nyota Iliyopoa na Swali la Sayari Zilivyozaliwa

Katikati ya Desemba, inapokaribia saa tatu usiku, nyota moja hupita karibu kabisa na utosi wa mtu aliyesimama Ngokolo, mjini Shinyanga, na mtu huyo hawezi kuiona. Ni hafifu takriban mara 70 kuliko nyota ya mwisho ambayo jicho tupu huweza kuipata kwenye anga lenye giza totoro, na iko umbali wa zaidi ya miaka 1,000 ya nuru. Katika orodha za wanaastronomia iliingia kwa jina la WASP-71. Mwaka 2019, Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulipokuwa ukiadhimisha miaka 100 tangu kuasisiwa kwake, kila nchi iliyoshiriki ilikabidhiwa nyota moja na sayari yake ili izipe majina. Tanzania ikaiita nyota hii Mpingo, na sayari inayoizunguka ikaitwa Tanzanite. Majina ni mazuri na yana haki ya kutuvutia, lakini kilichostahili kusimuliwa zaidi ni vipimo vilivyokwisha kuchukuliwa juu ya nyota hii miaka kadhaa kabla ya kupewa jina. Vipimo hivyo vinaonyesha jambo ambalo watu wengi wanaosoma habari za sayari za mbali hulipita bila kuliona: kasi na mwelekeo wa nyota inavyojizungusha haviwezi kutuambia sayari zake zilizaliwaje, mpaka tujue pia joto la nyota hiyo, la leo na la zamani.

Tuanze na sababu ya kuuliza habari za mzunguko kabisa. Mwaka 1755 mwanafalsafa Immanuel Kant, na baada yake Pierre-Simon Laplace mwaka 1796, walieleza kwamba Jua na sayari zake vilitokana na wingu moja la gesi lililojikunja kwa uzito wake lenyewe. Wingu linapojikunja, mzunguko wake mdogo wa awali huongezeka kasi, na gesi isiyoanguka katikati hutandazika na kuwa sahani pana ya gesi na vumbi. Katikati huwaka nyota. Kwenye sahani vumbi hushikamana hadi kuwa mawe, na mawe hadi kuwa sayari. Leo sahani za namna hiyo zimepigwa picha kuzunguka nyota changa, kwa hiyo hoja hii si ya kubahatisha tena. Inabeba utabiri mmoja ulio wazi: nyota na sayari zilizotoka katika sahani moja zinapaswa kuzunguka upande mmoja, na mhimili wa nyota unapaswa kusimama wima juu ya njia za sayari zake. Jua letu linakaribia sana kutii utabiri huo, kwani mhimili wake umeinama nyuzi 6 hivi tu ukilinganishwa na wastani wa njia za sayari zote. Ndiyo maana mzunguko wa nyota ukachukuliwa kuwa masalia ya siku ya kuzaliwa.

Mwaka 1995 Michel Mayor na Didier Queloz walitangaza sayari inayoizunguka nyota 51 Pegasi kwa siku 4 na kitu, sayari ya gesi yenye uzito wa karibu nusu ya Mshtarii, ikiwa karibu mno na nyota yake. Ugunduzi huo uliwapa sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 2019, na uliwaachia wananadharia tatizo kubwa. Pale ilipo sayari hiyo pana joto kali na malighafi chache. Jitu la gesi haliwezi kujengeka hapo kirahisi. Maelezo yaliyopata wafuasi wengi ni kwamba sayari za aina hii zilizaliwa mbali, kwenye baridi, kisha zikahama. Kuna kuhama kwa upole, ambako sayari huburutwa na gesi ya sahani polepole kuelekea ndani bila kutoka katika usawa wa sahani hiyo. Kuna na kuhama kwa vurugu, ambako sayari husukumana zenyewe kwa zenyewe, au huvutwa na nyota jirani, njia ikawa ndefu na kuinama, kisha ikakazwa na kuwa duara dogo karibu na nyota. Upole unapaswa kuacha mhimili na njia vikiwa vimenyooka pamoja, na vurugu inapaswa kuacha mwinamo. Basi, wengi walisema, tupime mwinamo na tutajua.

Namna ya kuupima ni moja ya mambo yanayopendeza sana katika sayansi ya karne hii, na Tanzanite ni mfano mzuri wa kuielezea. Sayari hii iligunduliwa na mradi wa WASP, uliokuwa na vituo viwili, La Palma katika visiwa vya Kanari na Sutherland nchini Afrika Kusini. Kila kituo kilikuwa na kamera 8 zenye lenzi za aina ile inayotumiwa na wapiga picha za michezo, zikipiga picha anga usiku baada ya usiku. Kila baada ya siku 2.9 mwanga wa Mpingo ulionekana kupungua kwa chini ya nusu ya asilimia moja, ukakaa hivyo kwa muda wa karibu saa 5, kisha ukarudi. Ni Tanzanite inayopita mbele ya nyota yake. Kutokana na kupungua huko, na kutokana na jinsi nyota inavyoyumba ikivutwa na sayari, imejulikana kwamba Tanzanite ina uzito wa Mshtarii mara 2.24 na kipenyo cha takriban Mshtarii mara moja na nusu. Ni sayari iliyovimba kwa kuchomwa na nyota iliyo karibu nayo.

Sasa utawanye mwanga wa nyota hiyo uwe utepe wa rangi, yaani spektra. Utepe huo hukatwa na mistari myeusi, kila elementi ikiwa na mistari yake. Mistari ya haidrojeni hukolea kadiri joto la uso wa nyota linavyokaribia kelvini 10,000. Mistari ya chuma na metali nyingine za kawaida hukolea kwenye nyota baridi zaidi. Ukolevu wa mistari hii ukilinganishwa, joto hujulikana: kwa Mpingo ni kelvini 6,059, zikiwa na shaka ya kelvini kama 100 juu au chini, wakati Jua lina kelvini 5,772. Mistari hiyo hiyo inabeba na habari ya mzunguko. Ukingo mmoja wa nyota unatujia na mwanga wake unasogea kidogo upande wa buluu, ukingo wa pili unatukimbia na mwanga wake unasogea upande wa nyekundu, hivyo mstari ambao ungekuwa mwembamba unapanuka. Upana huo unaonyesha kwamba uso wa Mpingo unakwenda kwa kilomita 9 hivi kwa sekunde. Uso wa Jua, kwenye ikweta yake, unakwenda kwa kilomita 2 tu.

Mwelekeo ndio unaohitaji sayari. Tanzanite inapoanza kupita, hufunika kwanza ukingo mmoja wa nyota. Ikiwa ni ukingo unaotujia, tunapoteza kidogo mwanga wa upande wa buluu, na nyota nzima inaonekana kana kwamba imeanza kutukimbia. Sayari ikivuka katikati, mambo hugeuka, nyota ikaonekana inatujia. Mtikisiko huo wa kwenda na kurudi kwa ulinganifu ni alama ya sayari inayozunguka upande ule ule wa nyota yake. Mtikisiko ukianza kinyume, sayari inazunguka kinyume. Ukiegemea upande mmoja tu, sayari inapita juu ya ncha za nyota. Jambo hili lilielezwa kwa nyota pacha mwaka 1924 na Richard Rossiter na Dean McLaughlin, na linabeba majina yao hadi leo. Kwa Mpingo lilipimwa kwa kutumia chombo cha CORALIE kwenye darubini ya Euler yenye kioo cha mita 1.2, huko La Silla nchini Chile. Jibu la kwanza lilikuwa mwinamo wa nyuzi 20, zikiwa na shaka ya karibu nyuzi 10. Mwaka 2017 kundi jingine lilichapisha kipimo kipya chenye data za ziada na mbinu tofauti, likapata nyuzi 2 chini ya sifuri, zikiwa na shaka ya nyuzi 7 hivi. Kwa maneno mengine, mhimili wa Mpingo na njia ya Tanzanite vimenyooka pamoja kadiri tunavyoweza kuona.

Mtu aliyefuata hoja mpaka hapa angehitimisha kwamba Tanzanite ilihama kwa upole. Hapo ndipo kipimo cha joto kinapoingia na kumzuia. Mwaka 2010 Joshua Winn na wenzake watatu walizipanga nyota zenye sayari kubwa za karibu kwa kufuata joto, wakaona mgawanyiko ambao hawakuwa wamefundishwa kuutarajia. Chini ya kelvini 6,250 hivi, karibu nyota zote zilikuwa zimenyooka na sayari zake. Juu ya hapo, miinamo ilikuwa ya kila namna, hadi sayari zinazozunguka kinyumenyume. Mpaka huo haukuwa mgeni. Tangu utafiti wa Robert Kraft wa mwaka 1967 ilijulikana kwamba karibu na joto hilo nyota hubadilika tabia ya kujizungusha: zilizo baridi zaidi huzunguka polepole, zilizo na joto zaidi huzunguka kwa kasi. Sababu iko kwenye tabaka la nje. Nyota baridi ina tabaka nene la gesi inayochemka, ikipanda na kushuka, na mchemko huo huzalisha sumaku inayotupa upepo na kuipunguzia nyota kasi. Nyota ya moto zaidi haina tabaka hilo, au inalo jembamba mno. Tabaka hilo hilo ndilo linaloipa sayari ya karibu mahali pa kushika, kwa mvuto wa aina ile unaoifanya bahari ya Hindi ijae na kupwa. Gesi inayochemka huvutwa, hukwaruzana, hupoteza nishati, na taratibu mhimili wa nyota na njia ya sayari hulazimishwa kunyooka pamoja. Kwenye nyota ya moto mvuto huo hauna pa kukamata, na mwinamo wa zamani hubaki.

Mpingo ina kelvini 6,059, kwa hiyo iko upande wa baridi wa mpaka. Lakini haikuwa hivyo siku zote, na hili liliandikwa na wagunduzi wake wenyewe. Nyota hii ina uzito wa takriban Jua moja na nusu. Nyota nzito kiasi hicho huanza maisha ikiwa na joto linaloizidi kelvini 6,250. Inapokaribia kuimaliza haidrojeni ya kiini chake huvimba, uso wake hupoa, na tabaka linalochemka huanza kunenepa. Mpingo tayari imevimba, nusukipenyo chake kinazidi cha Jua zaidi ya mara mbili. Ilivuka mpaka ikitoka upande wa moto. Inawezekana basi kwamba katika ujana wake Tanzanite ilikuwa imeinama vibaya, ikiwa imefika pale kwa vurugu, na unyoofu tunaouona leo ni kazi ya baadaye.

Wanajiolojia wanaofanya kazi katika ukanda wa dhahabu wa Geita na Kahama wanaijua vyema hatari ya aina hii. Miamba ile ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na imekandamizwa na kupikwa tangu ilipoumbwa. Anayetaka umri wake hawezi kuchukua madini yoyote akaamini saa iliyomo. Saa ya potasiamu na agoni huanza upya mwamba ukipata joto la kutosha, kwa sababu agoni ni gesi na hutoroka. Ukiisoma bila kuuliza mwamba ulipashwa moto kiasi gani, utapata tarehe ya kupashwa moto na kuiita tarehe ya kuzaliwa. Ndiyo sababu hutafutwa chembe za zirkoni, ambazo huishika risasi inayotokana na urani hata katika joto linalofuta kumbukumbu nyingine. Kwa nyota mambo yamegeuzwa, kwani kinachofuta ni kupoa, lakini kanuni ya kusoma ni hiyo hiyo. Nyota za moto ndizo zirkoni zetu. Zile zilizopoa, Mpingo ikiwamo, zinaweza kuwa zimeanza saa upya.

Na ushahidi wa jinsi Mpingo ilivyoweza kuwa katika ujana upo. Utafiti ule wa mwaka 2017 ulipima pamoja nayo nyota WASP-79, ambayo Panama iliipa jina la Montuno. Uzito wake hauko mbali na wa Mpingo, ila joto lake ni kelvini 6,600 hivi, bado iko upande wa moto. Sayari yake inapita karibu juu ya ncha za nyota, mwinamo ukikaribia nyuzi 95. Nyota mbili hazitoshi kuthibitisha kanuni, lakini ni vigumu kuzitazama hizi mbili bila kufikiri kwamba Montuno ni picha ya ilivyoweza kuwa Mpingo kabla ya kupoa. Katika kundi hilo hilo kuna na WASP-62, ambayo Afrika Kusini iliiita Naledi. Iko karibu kabisa na mpaka wenyewe, na mwinamo wake ni nyuzi 19, si mnyoofu kabisa wala si wa kutisha.

Hoja hii ina wapinzani, na baadhi yao wana nguvu. Wa kwanza atasema kwamba pembe inayopimwa si pembe kamili. Ni kweli. Tunaona mwinamo kama unavyoonekana kwenye uso wa anga. Nyota inaweza kuwa imeuelekeza mhimili wake kwetu au kutupa kisogo, na kipimo cha Rossiter na McLaughlin kisilione. Hata kasi ya uso yenyewe inabishaniwa, kwa sababu watafiti wa 2017 walionyesha kwamba mbinu tofauti hutoa kasi zinazopishana kwa nyota ile ile, ingawa pembe zilikubaliana. Hata hivyo udhaifu huu unaathiri nyota moja moja zaidi kuliko unavyoathiri mgawanyiko mzima. Mihimili inayotuelekea kwa bahati ingepaswa kutokea kwa nyota baridi na za moto sawasawa. Haina sababu ya kuchagua joto.

Pingamizi la pili ni la kifizikia, na kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote. Kama kasi ya uso ni kilomita 9 kwa sekunde na mhimili haujatuelekea, Mpingo huchukua siku 12 hivi kujizungusha mara moja, wakati Tanzanite huizunguka kwa siku 2.9. Sayari inayokwenda mbio kuliko nyota yake hunyang'anywa nguvu ya njia yake na mvuto ule ule unaodaiwa kuinyoosha, na mwisho wake ni kudidimia hadi kumezwa. Ikiwa mvuto ulikuwa na nguvu za kutosha kuunyoosha mhimili wa nyota nzima, kwa nini Tanzanite bado ipo? Winn na wenzake walipendekeza kwamba labda linalonyooshwa ni tabaka la nje tu, lililo jepesi, likiwa limelegea juu ya sehemu ya ndani. Mwaka 2012 Dong Lai alitoa jibu jingine: nyota inayojizungusha ina mawimbi yake ya ndani, na sehemu ya mvuto inayoyachochea hubadili mwelekeo wa mhimili bila kuila njia ya sayari kwa kiwango hicho hicho. Jibu hili la pili linanishawishi zaidi, kwa sababu halihitaji nyota yenye vipande viwili visivyoshikana, wakati mitetemo ya Jua inaonyesha kwamba sehemu zake za ndani na nje hazijatengana kiasi hicho. Mwaka huo huo Simon Albrecht na wenzake walikusanya vipimo vingi zaidi wakaona kwamba unyoofu hauendi na joto peke yake: unaongezeka pia kadiri sayari inavyokuwa nzito na karibu, yaani pale mvuto unapokuwa mkali. Kama mpaka wa joto ungekuwa tu alama ya nyota kuzaliwa kwa namna mbili, uzito wa sayari na ukaribu wake visingekuwa na neno.

Wa tatu atageuza shutuma. Anakubali kwamba unyoofu unaweza kudanganya, kisha anauliza kama mwinamo nao si wa kudanganya. Mwaka 2013 Daniel Huber na wenzake walisoma mitetemo ya nyota kubwa nyekundu, Kepler-56, wakakuta sayari mbili zilizo katika usawa mmoja huku nyota imeinama mbali nazo. Mwaka 2021 ikaja K2-290 A, nyota ya kelvini 6,300 hivi, ambayo sayari zake mbili ziko bapa kama zilivyozaliwa, na nyota yenyewe inajizungusha kinyume, kwa mwinamo wa nyuzi 124. Vurugu ya kusukumana isingeziacha sayari mbili katika usawa mmoja namna hiyo. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba nyota mwenza iliipindua sahani yote kabla sayari hazijakomaa. Pingamizi hili ni la haki, na linapunguza dai. Mwinamo kwenye nyota ya moto ni kumbukumbu iliyosalimika, lakini kumbukumbu ya nini, ya vurugu za sayari au ya sahani iliyopinduliwa, joto peke yake halisemi. Kinachosaidia ni sayari za gesi zilizo mbali kidogo na nyota zake, ambako mvuto hauwezi kufuta lolote. Mwaka 2022 Malena Rice na wenzake walionyesha kwamba zile zinazozunguka nyota zisizo na mwenza zimenyooka zaidi kuliko majitu yaliyo karibu. Kwa hiyo sahani kwa kawaida huanza zikiwa nyoofu, K2-290 A ni kisa cha nyota yenye majirani, na mwinamo wa majitu ya karibu kwa sehemu kubwa ulitoka katika safari yao ya kuja ndani.

Hivi ndivyo ninavyoisoma Mpingo: si shahidi wa kuhama kwa upole, wala hatuwezi kuihesabu upande wa vurugu. Katika takwimu za sayari zilivyozaliwa inapaswa kuondolewa kwenye safu ya nyota nyoofu, ambako namba ya nyuzi 2 peke yake ingeiweka, na kuwekwa pamoja na nyota zilizopoa baada ya kuwa za moto, kundi ambalo thamani yake ni kutuonyesha mvuto unachukua muda gani kufanya kazi yake. Kundi hilo bado ni dogo. Linahitaji nyota nyingi za uzito huu zikipangwa kwa hatua za kupoa, kutoka Montuno hadi Mpingo na kupita hapo, pamoja na mwinamo kamili wa kila moja ukipimwa kwa mitetemo yake kama ilivyofanyika kwa Kepler-56. Darubini ya PLATO ya Shirika la Anga la Ulaya, yenye kamera 26, imeundwa kusikiliza mitetemo ya aina hiyo na kuwinda sayari kwa wakati mmoja. Iwapo miinamo itaonekana ikipungua hatua kwa hatua kadiri tabaka linalochemka linavyonenepa, hoja ya kunyooshwa itakuwa imepita mtihani wake mgumu. Na iwapo nyota zilizopoa zitakutwa zimeinama sawa na zile za moto, itabidi mpaka wa kelvini 6,250 utafutiwe maelezo mengine, na unyoofu wa Mpingo na Tanzanite urudi kusomwa kama ulivyosomwa mwanzo.